Shingo ya Kwenye Kalenda

Jumamosi, 1 Agosti 2009

Leo mlango umefunguka! Bwana Waithaka wa Bungoma, yule tajiri wa mabati na misumari, alisimamisha gari lake mbele ya nyumba yetu hapa Tuwan, Kitale, watu wote wakiona. Hata Shafi, yule wa boda ya pikipiki wa mtaani kwetu, aliona. Nilihakikisha Shafi ameona.

Waithaka anafungua duka jipya Bungoma Jumamosi ijayo. Hataki kufika kwa gari. Ati gari kila mtu anayo. Anataka kufika juu ya farasi, na amesikia kwetu kuna farasi. Akatoa kalenda ya ukutani kwenye kiti cha nyuma, akaweka kidole juu ya picha. Farasi mweusi, shingo imekunjwa kama mkono wa birika, kidevu kimegusa kifua. Akasema anataka shingo hiyo. Nikamwambia shingo kama hizo nimezitengeneza tangu utotoni. (Utotoni nilichunga bata.)

Akipendezwa, mimi ndiye wakala wake wa Kitale. Meza yangu. Kiti cha kuzunguka. Jina langu kwenye bango! Na Shafi apite hapo na pikipiki yake asome.

Shida ni moja tu. Farasi si wangu.

Hamdani ni wa mama mkwe, Bi Nasro, ambaye ndiye mwenye nyumba hii ninayokaa na mke wangu Kadija. Marehemu mume wake, Mzee Bashir, alikuwa fundi wa matandiko kwenye mashamba ya wazungu. Mzungu mmoja alipohama alimwachia Hamdani. Mzee akafa, farasi akabaki, na mimi ndiye ninayemlisha na kumtembeza, maana baiskeli yangu ya boda imekufa njaa tangu pikipiki zije.

Bi Nasro haoni. Sukari ilimchukua macho. Kila jioni baada ya alasiri Hamdani huja mwenyewe mpaka mlango wa jikoni, ule wa vipande viwili, anaingiza kichwa ndani. Mama mkwe anampapasa uso wote, kuanzia nywele za kipajini mpaka kwenye mdomo. Anamwambia habari za siku. Hapo ndipo anapocheka. Siku nzima hacheki, hapo tu.

Mzee aliacha masharti. Farasi asipande lami. Farasi asifungwe kichwa. Mzee alikuwa mtu mzuri lakini hakuwa mtu wa biashara.

Jumapili, 2 Agosti

Nimempima Hamdani ubavuni mwa kalenda. Haki ya Mungu, hafanani hata kidogo. Anatembea kichwa juu, pua mbele, kama mbuzi anayenusa jiko la watu. Nikampigia kelele akunje shingo. Akaniangalia. Akajamba.

Basi nikafikiri kama mtu wa baiskeli. Kwa mtu wa boda, kitu kisichotulia kina dawa moja: blada. Gunia la mahindi linayumba kwenye keria? Blada. Jogoo anarusha mabawa? Blada. Mgonjwa anasinzia njiani kwenda hospitali? Blada, na unamfikisha. Nikakata blada yenyewe, mpira wa tairi la ndani, mrefu, nikafunga ncha moja kwenye chuma cha mdomoni, nikaupitisha katikati ya miguu ya mbele, nikaufunga kwenye mkanda wa tumboni. Nikavuta. Nikavuta tena.

Shingo ikakunjika! Kalenda kabisa! Nilipiga makofi peke yangu kibandani.

Hamdani alitoa mapovu mengi. Nadhani ni mate ya hamu ya kazi.

Jioni mama mkwe alimpapasa kama kawaida. Alipofika mdomoni akauliza mbona farasi ananuka kama duka la baiskeli. Nikamwambia ni akala zangu, viatu vya tairi, mama. Akasema basi nisiingie nazo jikoni. Nimekula chakula cha usiku miguu mitupu, na sakafu ina baridi ya Kitale.

Jumatatu, 3 Agosti

Mazoezi ya barabara. Bungoma kuna magari, na farasi ambaye hajaona magari atanitia aibu. Nilimwambia mama mkwe tunakwenda njia ya mashambani, kwenye mahindi. Si uongo mzima. Mahindi yalikuwa pembeni mwa lami muda wote, marefu kupita kichwa changu, na kila njia ya shamba inatokeza ghafla barabarani bila kuonana.

Nilivaa koti langu jeusi la harusi. Mtu wa farasi ni mavazi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Shafi akapita na pikipiki, akasimama, akavua jaketi lake la manjano lenye mistari ya kung'aa, akanipa. Ati madereva hawatakuona, bana, vaa hii, utanirudishia. Nikamwambia ahsante, sitembei nimevaa kama mfanyakazi wa barabara. Najua njama yake. Anataka nionekane kituko mbele ya mtaa mzima wa Matisi.

Nimefunga kengele ya baiskeli kwenye tandiko. Inalia vizuri.

Sisi wa baiskeli tuna sheria yetu: ukisikia honi nyuma, shuka lami, ingia kwenye vumbi, lori lipite, rudi. Hakuna sheria rahisi kama hiyo. Lori la mahindi la kutoka Moi's Bridge likapiga honi. Nikavuta kushoto. Hamdani hakushuka. Alitaka kugeuza kichwa aone kinachokuja, blada ikamkataa. Sasa kwa kuwa kichwa hakigeuki, akageuka yeye mwenyewe, mzima mzima, mpaka tukawa tumekingama katikati ya lami kama kizuizi cha polisi. Lori lilipita upande wa mahindi. Dereva alinitajia mama yangu. Mimi nilikuwa nimeshaanguka, kwenye kabichi za Chelangat.

Chelangat ni mama wa kutoka mlimani, Elgon, anauza kabichi na maziwa pale kwenye kona ya Matisi. Hakulalamikia kabichi. Alimwangalia farasi tu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya watu wote kusikia, "Wewe, si umfungue huyo mnyama aone mahali anaenda! Hata ng'ombe hatumfungi hivyo tukivuka barabara."

Ng'ombe! Anafananisha farasi na ng'ombe! Nikamwambia mama, hii ni elimu ya juu. Watu wakacheka. Nikapanda tena, nikaangukia upande wa pili. Wakacheka zaidi.

Jumanne, 4 Agosti

Nimegundua kosa la jana. Blada ilikuwa ndefu mno. Ilimpa farasi nafasi ya kufikiri. Nimeifupisha.

Tumepita barabara ya Matisi kwenda na kurudi. Hakugeuka. Hakuangalia popote. Alikuwa anatembea akiona kwato zake tu, anajikwaa kila penye shimo, na jasho linamchuruzika shingoni ingawa kulikuwa na baridi. Nidhamu hiyo! Mtoto mmoja akauliza kama farasi anaumwa. Nikapiga kengele.

Shafi naye alinifuata nyuma na pikipiki, polepole, taa zimewashwa, akiwapungia wenye magari wapunguze mwendo. Kutoka kona ya Matisi mpaka Tuwan, polepole hivyo, abiria wake amekaa nyuma analalamika. Ananidhihaki hadharani! Nilikataa kugeuka.

Jioni kulitokea jambo dogo. Mama mkwe alipoinua mkono, Hamdani alirudisha kichwa nyuma, mara moja, kama mtu aliyeguswa na chai ya moto. Halafu akatulia, akakubali. Mama akauliza, Hamdani, ni mimi, vipi leo? Nikasema ni baridi, mama. Aliendelea kumpapasa lakini hakusimulia habari zozote za siku, na hakucheka.

Kadija aliniangalia kwa lile jicho lake la kupepeta mchele. Tulipobaki wawili akasema mama yake hana kitu kingine duniani zaidi ya ile saa ya jioni. Ati nikiiharibu nisitafute mlango wa kurudia. Nikamwambia Kadija, mwenye macho haambiwi tazama. Akasema ndiyo, lakini wewe una macho ya nini? Nikalala nimeelekea ukutani.

Alhamisi, 6 Agosti

Jana sikuandika. Mvua, na nilikuwa na hasira.

Hasira yenyewe ni hii. Shafi alikuja nyumbani na karoti. Karoti! Akaomba kumwona Hamdani. Akaangalia pembe za mdomo, akasema kuna michubuko, bora nipumzishe hicho chuma. Akaniambia taratibu, kama ndugu, kwamba Bungoma nimwambie yule tajiri farasi anaumwa. Tangu lini mwenye pikipiki akawa daktari wa farasi? Anajua nikipata uwakala atakuwa anapita ofisini kwangu kununua misumari, na hilo linamchoma. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akavaa kofia yake ngumu akaenda zake. Karoti nilizila mimi. Zilikuwa tamu, lazima niseme.

Michubuko nimeipaka mafuta ya kula.

Leo nimemuaga mama mkwe. Siwezi kumwambia mkwe uongo mkubwa, ni mkwe, heshima lazima iwepo. Nimemwambia wa katikati. Nimesema serikali inatoa chanjo ya farasi Moi's Bridge, tutalala huko. Akauliza, farasi wangapi watachanjwa Trans-Nzoia nzima? Nikasema ni mpango mpya. Halafu akaingia ndani akipapasa ukuta, akarudi na kipande cha sukari guru amekifunga kwenye karatasi. Akaniomba kesho jioni, ile saa yao, nimpe Hamdani kwa niaba yake, nimwambie kimetoka kwa nani.

"Usisahau, mwanangu Naim," akasema. "Atasubiri."

Nimeahidi.

Ijumaa, 7 Agosti

Baada ya swala tuliondoka na lori la ng'ombe la Kipkoech. Kipkoech si mtu wa maneno. Alitazama blada, akanitazama mimi, akatema mate, akawasha gari. Nilimwacha Hamdani amefungwa shingo njia nzima ili mwili uzoee. Kila kwenye kona nilisikia amegonga ubao. Kipkoech akasimama akasema mnyama anasafiri vizuri akiwa na kichwa huru, anajisawazisha nacho. Nikamwambia aendeshe.

Kiminini, Kamukuywa, Webuye. Miwa pande zote. Nilikuwa natunga maneno ya bango. "NAIM, WAKALA." Au "WAKALA: NAIM." Sijaamua.

Jioni, ile saa, tulikuwa Bungoma kwenye ua wa Waithaka. Nikatoa sukari guru. Hamdani hakuweza kuinua mdomo kufika mkononi kwangu, na kuifungua blada ni kazi, na mimi sikuwa nimekula tangu asubuhi. Basi nikaila mimi. Nikamwambia imetoka kwa Bi Nasro. Sehemu hiyo ya ahadi nimeitimiza.

Waithaka alikuja kumkagua. Akainua kalenda kando ya kichwa cha Hamdani. Akasema, "Sasa hii ndiyo farasi!" Akanipa mkono. Ewe Shafi, laiti ungekuwepo!

Jumamosi, 8 Agosti

Sijui nianzie wapi. Naandika nikiwa kwenye lori. Mwandiko unaruka.

Asubuhi ilianza vyema. Spika mbili kubwa mbele ya duka, watu wamejaa mpaka upande wa pili wa barabara, kina mama wa kanisa wanaimba. Waithaka alivaa suti ya rangi ya krimu. Ni mtu mzito. Watu wanne walimpandisha. Hamdani alipanua miguu, akatetemeka, akasimama. Mimi nilishika hatamu mbele, koti jeusi, kengele tayari. Nilikuwa nimefupisha blada mara ya mwisho ili kidevu kiguse kifua sawasawa na picha.

Tulianzia kule barabara ya Kanduyi ili watu wote wamwone. Mtu mmoja wa trafiki aliniuliza kama nina watu wa bendera nyekundu, mbele na nyuma. Nikamwambia huyu ni farasi, si mzigo mrefu.

Trekta la miwa likaja nyuma yetu. Yale ya matela mawili, miwa imetokeza pande zote, minyororo inagonga. Nilisikia. Nikafanya sheria ya baiskeli: nikavuta kushoto, tushuke lami tuingie vumbini. Lakini pale hapakuwa na vumbi. Pana mtaro, ule wa mawe, na nyasi zimeufunika. Mimi niliuona. Hamdani asingeweza kuuona, kichwa chake kilikuwa kimefungwa kifuani.

Mguu wa mbele ukaingia. Akaanguka kwa magoti, kisha kwa kifua, kisha ubavu. Waithaka akabingirika mpaka kwenye tope. Miwa ikapita juu ya vichwa vyetu ikitukwaruza. Dereva wa trekta alikuwa amekata kona yote, akasimama ndani ya kibanda cha mtu wa simu. Alhamdulillahi hakuna aliyekufa. Namshukuru Mungu, hilo naliandika kwa moyo wangu wote, maana nilidhani nimeua watu.

Lakini Hamdani hakuamka. Alijaribu. Alitupa kichwa ili ajinyanyue, blada ikamrudisha chini. Akatupa tena, blada ikamrudisha, na chuma kikamkata mdomo. Kila alipojaribu damu ilitoka zaidi. Mimi nilikuwa nimeshika hatamu, navuta kwa nguvu zote, namwambia simama, simama, unanitia aibu. Sikujua la kufanya. Hata spika ilikuwa imezimwa. Aliguna sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mnyama.

Mama mmoja wa kuuza miwa akaruka mtaro na panga lake. Akanipiga kikumbo. "Kata hiyo kitu, mnyama anaria!" akasema. "Kama hawezi kuinua kichwa ataamkaje?" Akaikata blada kwa pigo moja. Hamdani akatupa shingo mbele, miguu ikafuata, akasimama. Akatetemeka mwili mzima. Yule mama akamwekea kiganja mgongoni, hakumgusa usoni, akakaa naye hivyo mpaka pumzi ikarudi.

Nilimwomba anirudishie kipande cha blada, kilikuwa bado kizuri.

Waithaka alifungua duka kwa miguu, suti tope nusu. Nilimfuata kumuuliza habari za uwakala. Walinzi wake hawakunielewa.

Jumapili, 9 Agosti

Tumefika Tuwan. Daktari wa mifugo alipita, akamshona pembe za mdomo, akampulizia dawa ya zambarau magotini na mdomoni. Akasema atapona. Akasema pia maneno mengine kunihusu mimi, ambayo hayana umuhimu hapa.

Kadija alifungua lango, akaona, akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga.

Nilisema tuliteleza kwenye chanjo. Hakuna aliyeuliza chochote. Asubuhi mtu wa Bungoma alikuwa amempigia Shafi simu, na Shafi amemwambia Kadija kila kitu. Mbea!

Alasiri ikafika. Nilidhani farasi hataenda. Akaenda. Mwenyewe, akichechemea, mpaka mlango wa jikoni, kama kila siku. Hapo ndipo nilipopata matumaini. Bi Nasro alikuwa ameshafungua kipande cha juu, amekaa kwenye kigoda chake, amevaa kanga safi. Alisikia kwato. Uso wake ukafunguka.

"Umerudi, baba," akasema, akanyoosha mkono.

Hamdani aliuona mkono unakuja. Akatupa kichwa juu, juu kabisa, mpaka akagonga mwamba wa mlango, akarudi nyuma macho yametoka. Mama mkwe akangoja. Akasema ni mimi, Hamdani, ni Nasro. Akanyoosha tena, polepole sana. Farasi alikuwa anataka kuja, niliona, masikio yalikuwa mbele, mguu mmoja ukasogea. Mkono ulipokaribia uso akaruka tena, akakimbilia ukutani mwa kibanda akasimama huko anatetemeka.

Mkono wa mama mkwe ulibaki hewani. Hakuushusha. Nilitamani kwenda kuushusha mimi lakini ni mkwe, simgusi.

Akauliza, bila kugeuka, "Naim, mmemfanya nini usoni?"

Nikasema hakuna mtu aliyempiga, mama. Na ni kweli, hakuna aliyempiga.

Akasema, "Hata mimi sasa ananiogopa." Akafunga mlango mwenyewe, akipapasa komeo. Nilimsikia analia ndani. Kadija akaingia kwake. Nilibaki uani na ndoo ya maji, na roho ilikuwa imeninywea, siwezi kuficha. Nililia kidogo. Shafi akachungulia juu ya ua akaniona. Ameona, na atalitumia.

Jumatano, 12 Agosti

Siku mbaya. Mama mkwe hafungui tena mlango wa juu. Ile saa ikifika anaenda kitandani, analala ameelekea ukutani. Hamdani anakuja kila jioni anasimama mbele ya mbao zilizofungwa. Anasimama mpaka giza linaingia. Akisikia komeo limeguswa anaruka, lakini haondoki.

Kadija analala kwa mama yake. Tukikutana uani ananisalimia kama mpangaji.

Shafi anakuja kila siku baada ya kazi. Anakaa chini kwenye nyasi, mbali kidogo, hamwangalii farasi, anamenya karoti. Hafanyi chochote kingine. Leo Hamdani alisogea akanusa kisogo chake. Shafi hakuinua mkono. Akamwambia Kadija huenda ikachukua miezi, huenda hadi mwakani, lakini mama asikate tamaa, aje akae naye pale nje bila kumgusa. Kadija akamletea chai. Kwenye kikombe changu.

Miezi! Mama mkwe ni mgonjwa, daktari wake naye hajui amebakiza miezi mingapi. Huyu mtu anakula muda wa watu kwa karoti.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimepata! Nimekaa usiku kucha nikifikiri, na jibu lilikuwa mbele yangu.

Tatizo ni nini? Mama anataka kumgusa farasi usoni. Farasi anatupa kichwa juu, mkono haumfikii. Basi! Hakuna uchungu hapa, hakuna miezi. Ni kimo tu! Kichwa kiko juu, kinatakiwa kiwe chini.

Nimepigilia pete ya chuma kwenye fremu ya mlango wa jikoni, chini, usawa wa kigoda cha mama mkwe. Nimenunua tairi la ndani jipya, la lori safari hii, halikatiki hata kwa panga. Jioni Hamdani akija tu, naupitisha mpira kwenye hatamu, naufunga mfupi, kichwa kinabaki pale pale magotini kwa mama. Hakirudi nyuma, hakipandi juu. Atampapasa mpaka achoke. Kadija hajui, itakuwa zawadi. Nimempa Shafi ruhusa kuja kutazama ili ajifunze.

Hamdani amesikia kisu kikikata mpira. Yuko kibandani, anapiga ukuta kwa miguu bila kupumzika. Amekwishajua leo atakutana na mama yake.